Mtani Aliyeandika Alama ya Kuuliza

Mnisamehe mwandiko. Naandika kwa mkono, polepole, na herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tahajia nayo msiikague sana. Niliishia darasa la saba, na mwalimu wetu kule Lusu alikuwa akifundisha huku jicho moja likichunga ng'ombe wake dirishani. Kompyuta ipo, iko hapa nyuma yangu imefunikwa kitambaa cha kufuma, lakini kwa habari hii nimeona kalamu ni salama zaidi. Kalamu haifunguliwi na mtu aliye mbali.

Kompyuta ni ya shangazi yangu, dada yake baba. Nilipomaliza shule alinichukua kutoka Lusu akanileta kwake Kanyenye, hapa Tabora mjini, nimsaidie kazi. Kazi yake ni kupiga filamu za shughuli za wanawake. Sisemi harusi ya ukumbini, ambako kila mjomba ameinua simu yake juu. Shangazi anapiga ile ya ndani, mchana wa kabla ya harusi, mlango ukiwa umefungwa na mabuibui yametundikwa misumarini. Kungwi anamfunda bi harusi, na akina mama ambao mtaani hutembea wima kama nguzo za umeme wanacheza mpaka jasho linadondokea mkeka. Mwanamume hafiki hapo. Filamu ikishakatwa na kupangwa vizuri, anapewa bi harusi akaifungie sandukuni, aje kuitazama siku akizeeka na kiuno kimegoma.

Watu wanamwamini shangazi kwa sababu mdomo wake ni mkubwa kwa mambo yake na mdogo kwa mambo ya wenzake, na kwa sababu kompyuta yake haiko dukani, iko sebuleni kwake. Mimi ndiye ninayekata filamu. Alinichagua kwa kuwa sisemi. Mgeni akibisha hodi mimi hutafuta la kufanya jikoni, hata kama moto umezimwa.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, harusi zilifuatana na kompyuta ikawa nzito. Ukibonyeza faili unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi ukaikuta bado inawaza. Shangazi akamwita fundi.

Fundi huyu ni Mgogo, wa huko Dodoma, amehamia Tabora siku nyingi. Alikuwa na kamba shingoni iliyoning'iniza flashi za kila rangi, akitembea nazo kama hirizi. Cheti chake cha kusomea kompyuta alikuwa amekipiga picha kwenye simu ili kiende naye kila mahali, na alikuonyesha kabla hujamuuliza. Lakini shangazi hakumpendea cheti. Alimpendea Ugogo wake.

Kwa asiyejua, sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao na mizigo kichwani wakienda pwani na kurudi, na babu zao waliwatoza hongo ili wanywe maji ya visimani. Badala ya kuuana hadi leo, wajukuu wameamua kutukanana kwa heshima. Mtani anaweza kufunua sufuria yako bila ruhusa, akamchukua kuku wako, akakucheka msibani kwako, nawe huna pa kushtaki. Ila kuna masharti. Hukasiriki. Na huulizi. Mtani akikurushia neno, unarudisha neno. Ukimuuliza ana maana gani, umeshindwa, na watu watalihadithia hilo mpaka wajukuu wako.

Basi fundi alikuja, akafunua sufuria kwanza, kisha kompyuta. Alipiga windo upya, ile Windows inayoiendesha kompyuta, akaweka programu ya kukatia filamu, ile kubwa ambayo kwa wenzetu watu hulipia. Kabla ya kuiingiza aliizima antivirasi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la chai, nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini. Akaniambia programu nzuri ikiiona antivirasi huona haya kuingia. Shangazi akacheka sana. Programu ikaingia bila haya yoyote, halafu akaweka antivirasi nyingine aliyokuwa nayo shingoni, akasema hiyo sasa ni simba.

Kompyuta ikawa nyepesi. Shangazi akamsifu mtaa mzima, na maduka kadhaa ya Kanyenye yakamwita naye akaenda na kamba yake shingoni.

Haukupita muda mrefu, mchana mmoja nikiwa nakata filamu, mshale wa kompyuta ukatoka mahali nilipouacha ukaenda pembeni. Nilidhani mausi imeteleza. Nikautoa mkono kabisa. Mshale ukaendelea kutembea, polepole, ukipita juu ya mafolda kama mtu anayesoma majina ya maduka. Nikamwita shangazi.

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Aliutazama ule mshale, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Mgogo huyo."

Nikamwambia fundi hayupo, hata mlangoni hayupo. Akaniambia nisiwe mshamba, siku hizi fundi aliyesoma anaingia kwenye kompyuta akiwa kwake amelala, na huyu ameingia kutafuta sufuria asiyoiona. Kwake jambo lilikuwa wazi. Mtu kaingia bila hodi, anapekua vitu, hasemi neno. Nani anafanya hivyo zaidi ya mtani?

Akaniamuru nifungue ukurasa wa kuandikia. Kisha akanitajia la kuandika, na kwa kuwa nachapa kwa kidole kimoja, alilazimika kutukana kwa mapumziko. Niliandika kwamba babu zake walikuwa wakiuza maji ya Mungu kana kwamba waliyachimba mbinguni. Niliandika kwamba Mgogo hata akipewa kompyuta atainyoosha mbele ya watu aombe sadaka. Niliandika na mengine, ambayo kalamu hii inakataa.

Mshale ulisimama. Ulikaa kimya muda mrefu, nadhani ukisoma. Kisha chini ya matusi yetu ikajitokeza alama ya kuuliza. Moja tu.

"Umeona?" shangazi akasema. "Kaishiwa."

Siku ya pili yake alikutana na fundi sokoni. Nilikuwa nimebeba kikapu, nikasikia yote. Shangazi akamwambia, "Mtani, jana ulikimbia. Nimekutafuta sikukuona."

Sasa mtu mwingine yeyote angeuliza, nimekimbia wapi? Lakini fundi ni mtani, na tena ni mtu wa cheti. Niliona macho yake yakizunguka kidogo, kama kompyuta yetu ilipokuwa nzito. Kisha akainua kidevu na kusema, "Nilikuhurumia tu, mtani. Ningekaa ungelia."

Shangazi akarudi nyumbani ameridhika. Kwake huo ulikuwa ni ushahidi, na mwenye kosa amekiri mwenyewe.

Hivi ndivyo mgeni alivyokaa kwetu msimu mzima wa harusi. Mshale ukitembea, shangazi anaacha upishi anakuja kumtukana. Akichoka ananiambia nimsalimie tu. Majirani walikuja kutazama, wakaletewa vigoda. Jirani mmoja alimsifu fundi kuwa ana bidii, maana hata siku ya sikukuu hapumziki. Kila shangazi alipokutana naye alimrushia neno kuhusu huko kuingia kwake, naye kila mara alipokea sifa asizozijua na kurudisha neno la jumla. Nasema kweli, sijawahi kuona watu wawili wakielewana vizuri hivyo kwa jambo ambalo mmoja wao hakulijua na mwingine alilijua vibaya.

Kuna siku nilimwambia shangazi kwamba mshale unapenda kukaa kwenye folda za shughuli za ndani, hauendi kwenye nyimbo wala picha za pasipoti. Akasema mtani ni mwanamume, unataka aende wapi. Lakini usoni kitu kilipita. Tangu siku hiyo, mshale ukitembea alikuwa akifunika kioo kwa kitambaa, kama mtu anayeona kwamba nje ya dirisha lake kuna mtu.

Katika folda hizo ilikuwemo filamu ya binti mmoja wa Kitete. Mama yake ni mjane, alimlea peke yake kwa kushona nguo karibu na hospitali. Binti alikuwa ameolewa Igunga, kwa watu ambako mama mkwe, ilisemekana, akikuta unywele mmoja wa mkwe nje ya kilemba huitisha kikao. Katika filamu binti huyo anacheza amejifunga upande mmoja tu wa kanga, anacheka, na mama yake mzazi anamshangilia kwa vigelegele. Ni filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. Ikitoka nje ya sanduku, ndoa ile haina hata wiki. Shangazi alilijua hilo, na mimi nililijua, na ndiyo sababu tulikuwa bado hatujaikabidhi. Mama alitaka aje kuichukua kwa mkono wake mwenyewe, asimpe mtu wa basi.

Siku moja, baada ya adhuhuri, fundi alikuja kula. Hakuitwa na mtu, alikuja tu kama mtani. Akafunua sufuria, akakuta matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, akajaza sahani akakaa kwenye kochi na kikombe cha chai mkono mwingine. Shangazi alikuwa akimtukana kuhusu namna anavyotafuna. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta nimewapa mgongo, ili nisionekane.

Mshale ukaanza kutembea.

Ulikwenda moja kwa moja kwenye folda ya binti wa Kitete ukaifungua.

Shangazi akasema bila kugeuka kikamilifu, "Acha hiyo, mtani."

"Niache nini?" fundi akauliza.

Kwa muda wote wa utani wao, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza. Shangazi akamtazama. Mdomo wa fundi ulikuwa umejaa. Mkono mmoja umeshika sahani, mwingine umeshika kikombe. Kwenye kioo mshale ulikuwa umeibana filamu na kuiburuta kuelekea mahali ambapo sisi hatujawahi kuweka kitu.

"Mikono yako iko wapi?" shangazi akamuuliza.

Fundi akainua sahani na kikombe kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Sikusubiri kuambiwa. Niliichomoa modemu ya intaneti kwa nguvu hadi ikarukia chini ya kochi. Mshale ukasimama pale pale. Shangazi tayari alikuwa ametupa kitambaa juu ya kioo, akakishikilia kwa mikono miwili, jinsi unavyomsitiri mwanamke aliyefumaniwa anaoga.

 Kisha shangazi akamuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama hata siku moja aliwahi kuingia kwenye kompyuta hii akiwa kwake. Fundi akasema hajui hata namna ya kufanya hivyo. Alimeza matobolwa yake kwa shida. Shangazi akamkumbusha maneno aliyoyajibu sokoni. Fundi akasema alidhani anamtania tu, na utani hauulizwi.

"Basi mwenzako nimemtukana nani?" shangazi akasema.

Fundi akataka kulimaliza jambo kwa heshima yake. Akafungua ile antivirasi yake, simba, akaiambia ikague. Ikakagua kwa dakika chache na kutoa alama ya kijani, kwamba nyumba ni safi. Akageuka kutuonyesha, karibu atabasamu. Shangazi akamwambia kwamba mlinzi aliyemleta yeye ndiye anayesema mgeni hayupo. Ndipo akakubali kumpigia mwenzake aliyesoma naye, mwanamke anayefundisha kompyuta mji mwingine. Akaweka simu kwenye spika juu ya meza, kati ya sahani na kikombe.

Mwalimu yule alianza kwa kumwamkia shangazi, "Shikamoo mama," shangazi akaitikia, kisha akaeleza yote, hata matusi. Upande wa pili kulisikika kama mtu anayeziba mdomo. Halafu akatuuliza programu ya kukatia filamu ilitoka wapi, na kama kuna mtu aliyezima antivirasi ili iingie. Fundi akatazama kochi. Mwalimu akasema basi hakuna haja ya kutafuta sana. Hiki si kirusi cha kuharibu vitu, akasema, ni mlango wa nyuma. Mtu ameujenga ndani ya ile programu ya bure, akaiachia watu waichukue, na kila anayeiweka anamfungulia yeye. Hana haja ya kuvunja kitu. Anaingia kama mwenye nyumba.

Kwa kuwa modemu ilikuwa imechomolewa, alisema tufunue kitambaa. Akatuelekeza mahali panapoonyesha programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Nilisoma moja moja kwa sauti, polepole, na mwalimu hakunihimiza. Nilipofika kwenye iliyojiita msaidizi wa printa, shangazi akanikatiza.

"Sisi hatuna printa."

Mwalimu akasema ndiyo huyo. Fundi akamfuta kwa mbwembwe, akabonyeza kitufe kama anamchinja. Tukawasha upya. Msaidizi wa printa alikuwa amerudi, ametulia kwenye nafasi yake. Fundi akamfuta tena, naye akarudi tena. Shangazi akasema sasa amempata mtani wa kweli wa Mgogo, anayefukuzwa mlangoni na kukutwa jikoni.

Mwalimu akasema kufukuzana huko hakuna mwisho, maana mwenye kuujenga mlango huacha na funguo za akiba. Tuhamishe filamu peke yake kwenye diski ya nje iliyo tupu, filamu tu, tusibebe programu hata moja. Kisha tuifute kompyuta yote, tuweke windo halali kutoka flashi iliyotengenezwa kwenye mashine safi, na nywila za shangazi zibadilishwe kwa simu, siyo hapa. Fundi akapeleka mkono shingoni.

"Siyo hizo," mwalimu akasema, ingawa alikuwa hatuoni.

Alimwambia kwamba programu ile ile iko kwenye flashi zake, na kila duka alilokwenda ameuacha mlango huo. Fundi akaivua ile kamba akaiweka mezani, ikalala karibu na matobolwa. Shingo yake ilionekana nyembamba ghafla.

Shangazi akaitazama. "Babu zangu walibeba mizigo wasiyojua ndani kuna nini," akasema. "Leo mpagazi ni wewe. Umetua mzigo sebuleni kwangu."

Fundi hakurudisha neno.

Kazi ya kufuta tuliifanya kesho yake kwa windo aliyotuma mwalimu kupitia mtu anayemwamini. Ikaisha vizuri. Kompyuta ikaamka tupu, haina historia, na msaidizi wa printa hakuwepo. Ila siku ile ya kwanza nilimuuliza mwalimu swali moja kabla hajakata simu, nalo ndilo swali pekee nililowahi kumuuliza mtu ambaye sijamwona kwa macho. Je, filamu ya binti wa Kitete ilitoka? Akasema aliyeingia msimu mzima hakuja kutazama tu. Huenda haikutoka. Lakini msimamo wa busara ni kuhesabu kwamba imetoka.

Fundi alikuwa na ushauri. Alimwambia shangazi kwamba akinyamaza, nani atajua? Shangazi akavaa buibui lake, akaichukua diski tuliyoiweka filamu ya binti huyo peke yake, akaniambia tutoke.

Yule mama alikuwa chereheni kwake. Shangazi alisimulia mwanzo hadi mwisho bila kujipunguzia kosa, hata vigoda vya majirani. Mama hakuacha kukanyaga chereheni hadi tulipofika kwenye alama ya kuuliza. Hapo akaacha. Akauliza swali moja.

"Miezi yote hiyo, ulikuwa unacheka naye?"

Shangazi akasema ndiyo.

Mama akaunyoosha mkono, akachukua diski, akaisukuma ndani ya gunia la vipande vya vitambaa. Akasema Igunga atakwenda yeye mwenyewe, amwambie binti yake kwanza kabla dunia haijamwambia. Hakutupa chai. Tuliporudi shangazi alitembea mbele yangu njia nzima.

Sasa shughuli za ndani zinaendelea, ila bila kamera. Mlangoni linawekwa beseni, kila mgeni anaweka simu yake humo, na mimi ndiye ninayelishika. Ni kazi inayonifaa, haitaki maneno. Shangazi, badala ya kupiga filamu, anapika. Fundi bado anapita, na kompyuta za maduka mengi bado hazijafutwa, kwa sababu anaona aibu kurudi kuwaambia. Akimkuta shangazi barabarani anaanza, "Mtani," naye anamjibu kwa adabu kamili, "Habari za kazi, bwana fundi? Nyumbani hawajambo?" Sijaona mtu akipigwa vibaya namna hiyo. Anasimama pale amebeba salamu yake nzima, hajui aiweke wapi.

Mama hajapata habari yoyote mbaya kutoka Igunga. Hiyo haina maana kwamba haitakuja. Kwa hiyo mnaosoma hapa, nawaomba jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kama mtu amewahi kuwatumia kwenye simu shughuli ya ndani, chumba chenye mapazia ya kijani, bi harusi anacheka na mama anapiga vigelegele nyuma yake, msiifungue na msiirushe mbele. Niandikieni. Niambieni tu kwamba iko nje, au kwamba hamjaiona, ili yule mama ajue akae vipi chereheni kwake. Mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu haidhuru, nitausoma. Na wewe uliyetuuliza kwa alama moja, kama karatasi hii itakufikia, shangazi anasema jibu la alama yako ni yale yale matusi, unayo tayari. Sasa ni zamu yako kujibu.